Barua ya wazi kwa wanaosimamia ligi za chini Kisumu na Magharibi: ratiba ikitangazwa, ifuatwe

Kwa: Wasimamizi wa ligi za kandanda za kaunti na kaunti ndogo, na maafisa wa michezo wa serikali za kaunti, Kisumu na magharibi ya Kenya

KUH: MSIMU WA MCHEZAJI ANAYEINUKA

Waheshimiwa,

Tunaandika tukiwa makocha na mameneja wa timu za mitaa, kuanzia Nyalenda, Manyatta na Obunga hadi Ahero na Maseno, na kupanda huko Mbale ya Vihiga na Kakamega. Hatuombi jezi. Jezi zipo, kiti chochote kikikaribia kupiganiwa, huja seti mpya yenye sura ya mtu kifuani. Tunaomba jambo la bei nafuu kuliko seti moja ya jezi: ratiba ikitangazwa, ifuatwe.

Tunamsemea mchezaji ambaye kila timu inaye. Umri wake ni kati ya miaka 17 na 23. Mchana anachanganya zege, anaendesha boda au yuko darasani. Msimu uliopita alikuwa akijaza idadi mazoezini. Msimu huu anagombea namba. Ligi inayosimama na kuanza bila taarifa humuumiza yeye kuliko wote. Mkongwe huvumilia, maana anachokijua hakimtoki. Anayecheza kwa kujifurahisha hana neno. Huyu wa katikati ndiye anayepoteza msimu mzima, na mwaka unaofuata hamumwoni tena.

Tueleze kwa nini. Mazoezini kijana anajifunza kutuliza mpira. Kwenye mechi ndipo anapojifunza kutazama nyuma ya bega kabla mpira haujamfikia, kwa sababu hapo kuna mtu asiyemjua anayekuja kumkaba kwa nguvu zote. Mechi tatu nne za mwanzo kwa kawaida huingia kuanzia dakika ya 70, na makosa yake ni yale yale kila mwaka: kiungo hupokea mpira akiwa ameligeuzia goli la wapinzani mgongo na kuurudisha alikotoka, beki wa pembeni hupanda vizuri na kusahau kushuka, winga hukata ndani kwa mguu wake wenye nguvu kila mara. Ikifika mechi ya sita au ya saba anaanza kupangwa tangu mwanzo. Kisha, kwenye mzunguko wa pili, timu zinakuwa zimemsoma. Beki anamfungia njia ya ndani na kumwachia ya nje, na sasa lazima atumie mguu dhaifu au anyamaze. Kipindi hicho cha kusomwa na kutafuta jibu ndicho kinachomtengeneza mchezaji, na kinahitaji mechi zinazofuatana kila wiki. Ligi ikikatika wiki tano katikati, hakiendelei kilipoachwa. Anarudi kwenye makosa ya mwezi wa kwanza, na kocha mwenye haja ya pointi anamrudisha benchi.

Mwili nao una hesabu yake. Timu nyingi za mtaani hufanya mazoezi kwenye nusu ya kiwanja, au kwenye uga wa shule wanakogawana na timu nyingine mbili. Katika eneo dogo hivyo hakuna anayekimbia kasi yake ya mwisho kwa mita 30 au 40. Anakimbia hivyo kwenye mechi tu. Sasa mechi zikisimama kwa wiki kadhaa, misuli ya nyuma ya paja inasahau kazi hiyo. Halafu, kwa kuwa msimu unakaribia kufungwa, viporo vyote, yaani mechi zilizoahirishwa, vinarundikwa: mechi Jumatano, Jumapili, Jumatano tena. Hapo ndipo paja linapochanika, mara nyingi kipindi cha pili, mchezaji akikimbilia mpira mrefu bila kuguswa na mtu. Jeraha dogo la namna hiyo humweka nje wiki mbili tatu. Kubwa humfungia msimu. Na akirudi mapema kwa sababu timu ina watu kumi na wawili tu, hujitonesha palepale. Tunaweza kumkimbiza mbio za kasi sita hadi nane kila Alhamisi wakati ligi imesimama, na tunafanya hivyo tukipata uwanja mzima. Hata hivyo hatuwezi kumwandaa kwa mechi tatu za siku nane ambazo tumepashwa habari zake Jumanne usiku kwa ujumbe wa simu.

Tumekaa na kalenda, na inawezekana. Ligi ya timu 12, nyumbani na ugenini, ni raundi 22. Kuanzia wikendi ya kwanza ya Septemba hadi ya pili ya Desemba kuna wikendi kama 15. Chezeni raundi 11 humo na mwache wikendi nne wazi za viporo, kwa sababu mvua za vuli zitakula baadhi. Wikendi hizo nne zitajwe kwenye ratiba tangu mwanzo, tarehe kwa tarehe. Mzunguko wa pili uanze wikendi ya tatu ya Januari na umalizike mwanzoni mwa Aprili: wikendi kama 12, raundi 11. Aprili na Mei pasipangwe raundi yoyote. Masika yanapokolea, viwanja vya uwanda wa Kano vinakuwa majaruba, na kila mwaka tunajifanya hatukujua. Viporo vya mzunguko wa pili vichezwe Juni.

Mpango huu pia unawaheshimu wanafunzi. Kandanda ya shule za upili huchezwa muhula wa pili na kufika kilele Julai na Agosti. Mchezaji wa shule hawezi kuwa pande mbili. Mwezi wa Novemba wanafunzi wa kidato cha nne wako kwenye mtihani wa KCSE na hawatapatikana, hilo tunalijua na tutasajili kwa kulizingatia. Tena msipange mechi za Jumamosi bila kuuliza. Huku kwetu Wasabato ni wengi, na timu inayocheza Jumamosi bila mabeki wake wawili haikushindwa na mpinzani.

Saa za kuanza pia. Mechi kamili na mapumziko yake na dakika za nyongeza ni karibu saa mbili. Ikianza saa kumi na moja jioni, dakika ishirini za mwisho zinachezwa giza likiingia, na hizo ndizo dakika anazoingia mchezaji wetu. Penye mechi mbili uwanja mmoja, ya kwanza ianze saa saba na ya pili saa tisa na dakika ishirini. Jua la saa saba la Kisumu ni kali, kwa hiyo refa atoe nafasi ya dakika moja ya kunywa maji katikati ya kila kipindi. Sheria za mchezo zinamruhusu. Kakamega na Vihiga, ambako mvua ya alasiri ina mazoea yake, mechi isicheleweshwe kupita saa nane. Na mechi za wanawake zisitupiwe saa ile iliyobaki. Vihiga Queens walitoka Mbale wakacheza Ligi ya Mabingwa ya Afrika ya wanawake ilipoanzishwa mwaka 2021 nchini Misri. Hakuna msichana atakayefuata njia hiyo kwa kucheza saa sita mchana kwenye kiwanja ambacho wanaume wanakitaka saa nane kasoro.

Kisha kuna vikombe vya waheshimiwa, yaani mashindano ya wanasiasa. Hatuvichukii. Vinaleta watu uwanjani, vinaleta njumu, na baadhi ya vijana huonekana huko kwa mara ya kwanza. Ila vinachezwa katikati ya ligi, kwa vipindi vya dakika 25 au 30, mechi mbili kwa siku, na mchezaji wa ligi huazimwa kwa bahasha. Anarudi kwetu Jumatatu akichechemea na Jumapili hayupo. Uchaguzi mkuu uko Agosti 2027. Kuanzia sasa vikombe vitaongezeka kama uyoga. Tunaomba wenye vikombe wote wapewe dirisha moja, Julai mpaka katikati ya Agosti, na wasipate kibali wala refa aliyesajiliwa nje ya hapo. Mwenye kikombe alipie mtu wa huduma ya kwanza kila siku ya mechi. Akikataa, hana haja na vijana hao ila kura zao.

Hata ratiba ikinyooka, mchezaji anayeinuka bado atakosa dakika. Katika kikosi cha watu 22, kumi na mmoja wanaanza na wachache wanaingia. Pendekezo letu ni mechi ya akiba: kabla ya mechi kubwa, vikosi vya pili vya timu hizo hizo vicheze vipindi viwili vya dakika 30, kwa refa mmoja na washika vibendera wa kujitolea kutoka kila timu. Aliyecheza chini ya dakika 20 wiki iliyopita ndiye apewe nafasi kwanza. Sheria ya 3 ya mchezo inaruhusu, kwa kandanda ya ngazi ya chini na kwa idhini ya shirikisho la nchi, mchezaji aliyetolewa arudi tena uwanjani. Ombeni idhini hiyo kwa mechi za akiba. Siku yenye mechi mbili kubwa haitatosha kuongeza za akiba, basi akiba zichezwe penye mechi kubwa moja tu. Gharama inayoongezeka ni posho ya refa, na matatu ambayo tayari inakuja na watu kumi na wanne inakuja imejaa.

Kuhusu posho ya marefa tutasema kwa kifupi. Timu ya nyumbani kuwalipa marefa taslimu pale pembeni mwa uwanja ni mpango mbaya hata kama kila mtu ni mwaminifu. Timu isiyo na pesa hupoteza mechi mezani kabla mpira haujapigwa, na timu iliyolipa hushukiwa ikipata penalti. Kila timu iweke fedha za mechi zake zote za nyumbani kwenye akaunti ya ligi kwa awamu mbili, Agosti na Januari, na marefa walipwe kwa simu kutoka huko. Ushindi wa mezani haumfaidi mchezaji hata kidogo. Ni dakika 90 zilizofutwa.

Sasa viwanja, na hapa tutakaa.

Uwanja wa Mamboleo, Kisumu, ulifunguliwa kwa sherehe za Madaraka za mwaka 2021, na ule wa Bukhungu, Kakamega, unaendelea kupanuliwa. Ni vizuri. Mchezaji wetu huviona kupitia uzio. Anachezea kwenye uga wa shule ya msingi wenye shimo mbele ya kila goli, na shimo hilo ndilo linalovunja vifundo vya miguu. Linatokea kwa sababu makipa husimama na kuruka mahali pamoja mwaka mzima, na maji ya mvua humalizia kazi. Kulijaza changarawe au kokoto, kama inavyofanywa haraka haraka asubuhi ya mechi, ni kumkabidhi kipa msasa. Lijazwe udongo wa juu, tabaka la sentimita 10 kwa wakati, kila tabaka linyunyiziwe maji kidogo na kushindiliwa kabla ya kuweka jingine, kisha juu pandwe nyasi za Pemba, vipande vikikaribiana. Kazi hiyo ifanywe Aprili mvua ikianza, maana ndiyo itakayozinywesha, na eneo lizungushiwe kamba mpaka Juni. Kwenye udongo mweusi wa Ahero na Kibos tatizo ni jingine: Januari na Februari ardhi hupasuka nyufa za kumeza jino la njumu. Hizo zijazwe mchanga uliochanganywa na udongo huohuo, na ng'ombe wasipitishwe uwanjani baada ya mvua, kwa kuwa alama za kwato zikikauka ni mbaya kuliko nyufa.

Milingoti ya mkaratusi huliwa na mchwa pale inapoingia ardhini. Ikitikiswa na kucheza, isitumiwe hata kama imepakwa rangi. Ya chuma ichimbiwe angalau sentimita 60 na kumiminiwa zege. Upana wa goli ni mita 7.32 na urefu mita 2.44, lakini upimeni urefu katikati, si kwenye mlingoti: bomba jembamba hulegea, na mtambaa panya uliopinda hunyima au kutoa magoli. Goli la kuhamishika lisilofungwa ardhini liondolewe leo. Likiangukia mtoto aliyening'inia, huua. Nyavu kuukuu za wavuvi zinafaa, mradi tundu lisimeze mpira na zifungwe nyuma kwa mvutano, zisimnase kipa.

Mistari. Chokaa iliyochomwa, inayopatikana kirahisi kwa kuwa Koru iko hapa karibu, huunguza ngozi ikikutana na jasho, na ikiingia jichoni inaweza kupofusha. Tumieni unga wa mawe ya chokaa yasiyochomwa, au rangi nyeupe ya maji iliyozimuliwa. Jicho likiingiwa na chokaa lioshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 bila kukatiza, huku safari ya hospitali ikitayarishwa. Nenda mita 11 kutoka katikati ya mstari wa goli ndipo uweke alama ya penalti. Tumekuta za hatua tisa na za hatua kumi na nne.

Uamuzi wa kuahirisha mechi kwa sababu ya maji utolewe kufikia Jumamosi saa sita mchana, baada ya mtu kukagua uwanja kwa miguu. Aangushe mpira kutoka usawa wa bega mbele ya magoli yote mawili, katikati na kwenye pembe nne. Usipodunda mahali pawili au zaidi, hapachezeki. Uamuzi ukitolewa Jumapili saa tano, timu ya ugenini imeshalipa matatu, na raundi ijayo itasafiri na watu tisa. Sheria inairuhusu kuanza mradi wako saba, na kijana wetu kiungo atacheza beki wa kati siku hiyo.

Mvua yenyewe si kitu ikilinganishwa na radi. Eneo la kuzunguka Ziwa Victoria, pamoja na Kakamega na Kisii, ni miongoni mwa sehemu zinazopata radi nyingi zaidi nchini, na bado kanuni za ligi nyingi hazina hata sentensi moja kuihusu. Andikeni hivi: ngurumo ikisikika, refa anasimamisha mechi na wote wanaingia kwenye jengo au ndani ya gari lililofungwa, si chini ya mti wala hema la turubai. Mchezo unarudi dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho, si ya kwanza. Muda ukikosa kutosha, dakika zilizobaki zinachezwa wikendi ya kiporo, matokeo yakiwa yaleyale. Refa asiogope kuadhibiwa kwa kusimamisha, na timu inayoongoza isipewe sababu ya kumshinikiza aendelee.

Huduma ya kwanza imeachiwa maji baridi na mtu mwenye vidole vya nguvu. Kifundo kilichoteguka kikikandwa kwa maji moto na kusuguliwa siku hiyohiyo, huvimba maradufu. Kinatakiwa barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, bandeji ya kuvutika isiyokaza mpaka vidole vikafa ganzi, na mguu uinuliwe juu. Barafu si anasa Kisumu. Wauza samaki wanayo kila siku. Akishindwa kukanyaga hatua nne, apigwe eksirei kabla ya jambo lolote. Mwenye mguu uliovunjika asipakiwe kwenye boda. Aliyegongwa kichwa akapepesuka, akasahau matokeo au akatapika, harudi uwanjani siku hiyo hata akiapa. Aliyeangukia shingo asiinuliwe na mashabiki. Kichwa kishikiliwe palepale kilipo mpaka gari la wagonjwa lifike.

Na anayeanguka bila kuguswa, asiyeitika, asiyepumua kawaida, mchukulieni kuwa moyo umesimama. Marc-Vivien Foé wa Kamerun alianguka hivyo kwenye nusu fainali ya Kombe la Mabara, Lyon, tarehe 26 Juni 2003, asiwe na mtu karibu naye. Hapo hakuna kumwagia maji. Mikono miwili katikati ya kifua, kubonyeza kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kila mibonyezo 30, pumzi mbili kwa aliyefunzwa. Bila kuacha hadi msaada ufike. Tunaomba kila timu iwe na watu wawili waliofunzwa hili kabla ya Septemba. Kaunti ina wauguzi na ina kumbi. Jumamosi moja inatosha timu kumi. Vilevile mchezaji asisajiliwe kabla hajajiandikisha SHA, bima ya afya ya serikali, maana mchango wa kofia pembeni mwa uwanja haujawahi kutosha upasuaji wa goti.

Kuna kinga nafuu zaidi. Mazoezi ya kupasha mwili moto ya FIFA 11+ ni mazoezi 15 ya dakika kama 20, hayahitaji kifaa ila mpira, na yakifanywa angalau mara mbili kwa wiki hupunguza majeraha kwa karibu theluthi moja. Yanafeli pale wachezaji wanapofika kwa mafungu saa kumi na moja na kocha anayaruka. Refa awape timu uwanja dakika 30 kabla ya mechi, nasi tutabeba lawama ya waliochelewa.

La mwisho ni karatasi. Fomu ya mechi iandike nani alianza, nani aliingia dakika ya ngapi, nani alifunga na nani alipewa kadi, na ibandikwe au kutumwa kwa timu zote kufikia Jumatatu saa sita. Picha ya mchezaji iwe kwenye fomu ya usajili. Itawatuliza mamluki wanaochezea timu mbili kwa majina mawili. Kijana aliyecheza dakika 1,400 msimu mmoja awe na mahali pa kuzionyesha akienda kujaribiwa na timu ya daraja la juu. Kwa sasa ana neno la kocha wake tu, na kila kocha husema wake ni hodari.

Ratiba ikitoka kabla ya tarehe 31 Julai, sisi kwa upande wetu tutaanza mazoezi wiki ya kwanza ya Agosti mara tatu kwa wiki, tutakagua milingoti na kujaza mashimo ya viwanja vyetu vya nyumbani, na tutalipa awamu ya kwanza ya marefa kufikia tarehe 25 Agosti. Timu itakayokosa kulipa isipangiwe mechi ya nyumbani mpaka ilipe. Tuko tayari kukutana siku yoyote ya kazi baada ya saa kumi na mbili jioni, wengi wetu tukitoka kazini.

Wenu,
Makocha na mameneja wa timu za mitaa, Kisumu na Magharibi

Nakala: Wawakilishi wadi, walimu wa michezo wa shule zinazotuazima viwanja, vyama vya marefa